Bunduki ya Kupima Maziwa

Salama alikuja Jumatatu kuonja yogati, akamkuta Ndila ametia kidole kwenye sufuria.

Kidole chenyewe kilikuwa kisafi. Kilikuwa kimeoshwa kwa sabuni, kikasuuzwa kwa maji moto, kikapanguswa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Na kilijua kazi yake. Kwa miaka mitatu ndicho kilichomwambia Ndila kwamba maziwa yamepoa kiasi cha kutiwa mbegu ya yogati: ukihesabu mpaka kumi bila kukunja uso, tayari. Hakuna sufuria hata moja iliyowahi kukataa kushika. Lakini ni vigumu kumweleza mteja historia ya kidole wakati kidole bado kimo ndani.

"Mama Yvonne," Salama akasema, kwa ile sauti laini anayouzia vitambaa dukani kwake Kikima, "mimi nakujua, na kidole chako nakijua. Lakini harusi ya binti yangu Fahima ina wageni wa Kitui na wa Mombasa. Mtu akiniuliza hii imepimwa na nini, nimwambie nini?"

Ndila alikitoa kidole polepole, kana kwamba kikitoka polepole kitakuwa hakijaonekana. Salama hakuwa mtu mbaya. Alisema oda iko palepale, lita ishirini, Jumamosi asubuhi. Wageni wakiisifu, mumewe Abdulmalik ataichukua kila wiki kwa hoteli yake. Ila Ijumaa mchana atapita mwenyewe kuona inavyotengenezwa. Akafunga buibui lake, akaangalia pa kukanyaga, akaenda zake akiacha harufu ya udi katika boma lililozoea harufu ya samadi.

Nthiwa, mume wa Ndila, alikuwa zizini na alisikia yote. Hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliyomtia Ndila baridi, maana Nthiwa akiwa na neno zuri hulitoa haraka. Neno alilokuwa nalo lilijulikana tangu wiki iliyopita. Ng'ombe wao alikuwa anakula kuliko anavyoleta, majani ya kununua yamepanda, na Nzomo, yule mnunuzi wa ng'ombe, alishapita mara mbili kumzunguka kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Nthiwa na mkewe walikuwa wamekubaliana: hoteli ikianza kuchukua yogati, ng'ombe atabaki. Isipochukua, Nzomo aje Jumatatu na kamba yake.

Ng'ombe huyo aliitwa Mueni, yaani mgeni, kwa sababu alifika akiwa ametoka mbali na hakujua mtu. Jina hilo liliwahi kuleta shida kanisani. Ndila alisimama akaomba washirika wamkumbuke Mueni kwa maombi, kwamba amekataa kula siku mbili na tumbo limejaa hewa, na mke wa pasta, ambaye pia ni Mueni, alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Kwa hiyo lililokuwa mezani ni Mueni, na kilichosimama kati yake na kamba ni kidole.

*

Aliyetoa wazo la bunduki ya kupimia joto ni mzee wa kanisa Gedion. Wakati wa corona ndiye aliyesimama mlangoni akiwalenga watu paji la uso, na tangu corona iishe alikuwa anaikosa sana kazi hiyo. Bunduki bado alikuwa nayo, ameihifadhi pamoja na vitambaa vya meza ya Bwana. Akamwazima Ndila Jumanne kwa masharti mengi.

Ndila alichemsha maziwa kikombe kimoja cha kujaribu, akayalenga, akabonyeza. Kioo kidogo cha mashine kikaandika Hi.

"Inasema nini?" Nthiwa akauliza.

"Inasema hi."

"Imekusalimia. Iitikie."

Wakangoja maziwa yapoe kidogo, wakabonyeza tena. Hi. Nthiwa akasema hiyo mashine ina adabu kuliko vijana wa siku hizi. Ilibidi kurudi kwa Gedion na kutafuta karatasi ya maelezo ndipo ikajulikana kwamba bunduki ya paji la uso inajua joto la watu tu. Ukiipa kitu cha moto kuliko mgonjwa wa malaria inasema Hi, yaani kimepita juu. Ukiipa cha baridi kuliko maiti, inasema Lo. Yogati inatiwa mbegu kwenye arobaini na tatu, na arobaini na tatu hakuna mtu aliyewahi kuifikia akaingia kanisani kwa miguu yake.

Jumatano Ndila akamuuza jogoo, akateremka Wote kwa Fahad, mpwa wake Salama, anayeuza simu na taa za sola. Fahad alimpangia bunduki tatu juu ya kaunta. Moja ilikuwa dada ya ile ya Gedion, na Ndila akaisukuma kando kabla haijasalimia mtu. Ya pili ilikuwa ndogo ya buluu, ya bei rahisi. Ya tatu ilikuwa ya manjano, nzito kidogo, inayopima vitu mpaka digrii mia nne.

"Mia nne za kazi gani? Mimi sichomi matofali."

Fahad akacheka, akamweleza kwa heshima. Hizi mbili zote zinafaa maziwa. Tofauti yake, ya buluu ukisimama mbali kidogo inakusanya joto la eneo kubwa, inachanganya sufuria na ukuta na paka aliyekaa ukutani. Ya manjano inaona eneo dogo zaidi. Lakini hata hiyo asimame karibu, kama urefu wa kiganja. Ile nukta nyekundu haipimi chochote, inaonyesha tu inatazama wapi. Asiilenge kwenye mvuke, kwa sababu mvuke unalifunga jicho lake na namba inakuja ya uongo.

Ndila alitaka ushahidi. Fahad akailenga chai yake mwenyewe, ikasoma hamsini na nane. Ndila akatia kidole kwenye chai ya Fahad, akahesabu, akafika tatu. "Ni kweli," akasema. Fahad akakitazama kikombe chake, akakisogeza mbali taratibu.

Wakavutana bei mpaka ya manjano ikakubali elfu moja mia sita. Wakati anaifunga kwenye mfuko, Fahad akakumbuka jambo moja zaidi. Akagonga kaunta yake ya kioo kwa ukucha. "Na usiipige kwenye kioo, mama. Kwenye kioo inadanganya."

Ndila akasema sawa. Jikoni kwake hakuna kioo. Kioo cha nyumba kipo kimoja, chumbani, na kimepasuka.

*

Jioni hiyo boma zima lilipimwa. Jiwe la mlangoni, ishirini na tisa. Pua ya Mueni, thelathini na moja, na Mueni akailamba bunduki. Upara wa Nthiwa ulisoma thelathini na nne, na Ndila akasema kweli ana kichwa baridi, ndiyo maana anataka kuuza ng'ombe.

Aliyekataa ni Syombua, mama yake Nthiwa. Yeye anakaa upande wa pili wa boma, kwenye nyumba yake ya matofali yenye jiko la mafiga matatu. Alisema amezaa watu sita na kuzika mume bila kuelekezewa bunduki, na hataanza sasa. Halafu akauliza jogoo yuko wapi. Alipoambiwa, akasema basi kesho ataamka awike mwenyewe.

Kati ya Syombua na mke wa mwanawe hakukuwa na ugomvi. Kulikuwa na sufuria. Ndila ni mtu wa kusugua. Anasugua sufuria kwa jivu na waya, ndani na nje, mpaka zikiwekwa juani zinawafukuza ndege. Wamama wa kanisa wakija wanazisifu kabla hawajaketi, kwamba sufuria za Mama Yvonne ni kioo. Syombua naye ana sufuria moja kubwa aliyonunua alipouza pamba yake ya mwisho. Ndani ni nyeupe kama jino la mtoto, nje ni nyeusi kama usiku wa kijijini. Husema masizi ni koti la sufuria, na hajui kwa nini mtu amvue koti mtu anayekaa motoni.

Siku moja wamama wa kanisa walipokuwa wanakuja, Ndila aliichukua ile sufuria nyeusi akaificha chini ya ghala la mahindi. Syombua aliitafuta asubuhi yote. Alipoiona, na kuku amekaa ndani, alimfukuza kuku. Aliitoa, akaiosha ndani, akaondoka nayo. Tangu siku hiyo, wageni wa kanisa wakija, Syombua anakuwa na kazi shambani.

*

Alhamisi Ndila alifanya jaribio kwa lita tano. Alichemsha maziwa, akaipua sufuria, akaiweka chini. Mvuke ulikuwa unapanda, na akakumbuka ya Fahad, kwa hiyo hakuyalenga maziwa yenyewe. Aliinama, akalenga ubavu wa sufuria, karibu, urefu wa kiganja. Arobaini na saba. Akangoja kidogo, akapima tena. Arobaini na tatu.

Alishangaa. Kwa kidole ilikuwa inachukua saa nzima. Kwa mashine, dakika kumi na tano. Akamwita Nthiwa aje aone jinsi maziwa yanavyopoa haraka yakipimwa kwa mashine. Nthiwa akaja, akaona, akasema Wachina ni watu wa ajabu. Katika nyumba hiyo yenye watu wazima wawili waliofaulu hesabu shuleni, hakuna aliyegusa sufuria, kwa kuwa kugusa ndilo jambo lililokatazwa.

Ndila akatia mbegu, akakoroga, akafunika, akaifunga sufuria kwa blanketi. Alasiri alipofunua, maziwa yalikuwa maziwa. Meupe, mepesi, yanacheza kama ya chai. Mbegu yote ilikuwa imekufa humo kwa joto, na hakukuwa na wa kuilaumu isipokuwa yeye.

Aliyamwaga kwenye karai la ndama akiwa amegeuzia nyumba mgongo. Ndama alikunywa lita tano, akalala na tumbo lake kama mbunge. Nthiwa alipita na ndoo, akaona karai, akaona blanketi tupu kwenye kamba. Safari hii alikuwa na neno, na alilisema kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Nitamwambia Nzomo aje Jumatatu mapema. Usijichoshe, Mama Yvonne. Hata wewe umejaribu."

Ndila aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda. Bunduki aliiacha nje juu ya jiwe. Kesho Salama angekuja. Akitumia kidole, oda imekwenda. Akitumia bunduki, maziwa yamekwenda. Aliwaza jina la ng'ombe na kuona kumbe lilikuwa sawa tangu mwanzo, alikuwa mgeni tu.

*

Bunduki iliyoachwa juu ya jiwe haikukaa peke yake. Syombua alipita, akaitazama, akatazama huku na huku, akaitia chini ya leso yake. Kusema kweli tangu Jumatano alikuwa anaitamani.

Jikoni kwake maji ya ugali yalikuwa yanatokota. Aliilenga ile sufuria yake nyeusi ubavuni, akabonyeza. Tisini na tatu. Darasa alilofika Syombua ni la tatu, lakini alijua maji yanayotokota ni karibu mia, hilo lilikuwa kwenye wimbo wa shule. Akatoka, akaenda mpaka jikoni kwa Ndila, ambako maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yanachemka kwenye sufuria ing'aayo, akalenga, akabonyeza. Arobaini na nane.

"Ndila," akasema, "haya maji yako yanachemka au yanajifanya?"

Ndila akainua kichwa. Akaona mama mkwe na bunduki, akaona namba. Wakapima tena. Wakaenda kwa sufuria nyeusi, wakapima, wakarudi kwa ing'aayo, wakaishia tena penye nyeusi. Nyeusi ilisema kweli kila mara. Nyeupe ilidanganya kila mara, bila aibu, ikiwa na mapovu juu.

Syombua akatoa hukumu. Sufuria yake ni ya zamani, ilitengenezwa na watu wakweli. Za siku hizi ni za kuuziwa tu. Akasema Ndila aichukue kesho, inabeba lita ishirini na tano.

Ndila alikuwa anaiona ile sufuria chini ya ghala, na kuku ndani. Mwisho akasema, "Mwaitu, nakuomba. Nitaichukua mwenyewe asubuhi." Mwaitu ni mama, na kwa kawaida Ndila hulisema haraka likiwa limefungwa na shughuli nyingine. Safari hii alilisema likiwa peke yake. Syombua akageuka kukoroga ugali ambao ulikuwa bado haujatiwa unga.

*

Asubuhi ya Ijumaa Ndila alikwenda kuichukua sufuria, akasimama mlangoni.

Ilikuwa inang'aa. Ilikuwa inang'aa kuliko zake zote. Syombua alikuwa ameamka kabla ya wakati wa jogoo asiyekuwepo, akakaa nje na jivu na waya, akaivua koti la miaka thelathini. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwenye mafundo. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Mgeni anakuja," akasema. "Sikutaka uaibike tena."

Ndila aliichukua kwa mikono miwili. Maziwa ya Mueni yaliyokusanywa siku mbili, pamoja na ya jirani, yakaenda motoni kwenye jiko la gesi, lisilotoa moshi. Yalipotokota, Ndila akalenga ubavu. Arobaini na tisa.

Wanawake wawili wakaitazama namba ile. Sufuria ya watu wakweli imejifunza uongo kwa asubuhi moja. Ndila akainama karibu zaidi, na pale ubavuni, mahali nukta nyekundu ilipokuwa, akauona uso wake mwenyewe, mpana, pua kama viazi, na nyuma yake uso wa mama mkwe chini ya kilemba.

Akakumbuka ukucha wa Fahad ukigonga kaunta.

"Ni kioo," akasema.

"Kioo gani?"

"Sufuria, mwaitu. Fahad alisema kwenye kioo inadanganya. Hii haipimi maziwa. Inatupima sisi, tuliosimama hapa."

Syombua alifikiri. Kisha akacheka kwa mara ya kwanza katika jikoni hilo tangu mambo ya ghala, kicheko cha kushika ukuta. Akasema basi yeye amekesha akiivua sufuria ukweli wake. Koti lenyewe ndilo lililokuwa linasema.

Lango likalia. Salama alikuwa ameingia, na nyuma yake Nthiwa akimkaribisha kwa sauti ya mtu anayekaribisha watu matangani. Hakukuwa na wakati. Ndila akakimbilia mafiga ya Syombua, akapangusa masizi kwenye jiwe la nyuma kwa kidole, kidole kilekile, na tone la mafuta ya kupikia. Akarudi akachora kwenye ubavu wa sufuria iliyong'aa duara jeusi, kubwa kama kifuniko cha kopo la maziwa, akalikandamiza likashika.

Salama alipoingia jikoni alikuta sufuria kama kioo yenye jicho moja jeusi, na Mama Yvonne ameinua kidole cheusi mpaka kwenye fundo.

"Mama Yvonne," akasema polepole. "Kidole tena?"

"Safari hii kimekaa nje, Mama Fahima. Karibu uketi."

Akampa kigoda, akanawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko, akachukua bunduki. Alimweleza kila kitu kama alivyoelezwa, ya mvuke, ya nukta nyekundu, ya kioo. Akalenga penye chuma kinachong'aa, akamwonyesha uongo. Akalenga duara jeusi: tisini na moja. Akaipua sufuria, akaitia kwenye karai la maji baridi yasiyofika kwenye duara. Wakakaa wote watatu wakingoja, na kungoja kulikuwa kurefu kama zamani, saa nzima kasoro kidogo. Salama akasimulia harusi ya Fahima na bei ya kuku Kitui. Akauliza nani aliyegundua jambo hili la masizi.

Hapo palikuwa na nafasi ya mtu kujitaja. Ndila akasema, "Ni mama. Sufuria ni yake. Mimi niliwahi kuificha chini ya ghala nikidhani ni chafu."

Syombua akaanza kutazama miguu yake. Salama akaitazama sufuria, akamtazama mama huyo mzee wa gauni la kanisani na mafundo yaliyochubuka. Akasema kwao pia mamake alikuwa nayo moja, ya pilau, haisuguliwi nje hata aje gavana.

Duara likasema arobaini na tatu. Mbegu ikatiwa. Blanketi likafungwa. Salama akaaga, akasema atarudi kesho na gari.

Waliofungua jioni walikuwa Ndila na Syombua, na Nthiwa akachungulia mlangoni akijifanya anatafuta jembe. Ndila akainamisha sufuria. Yogati haikumfuata. Ilikaa mahali pake, nzito, inatetemeka kidogo tu juu. Nthiwa aliitazama muda mrefu, kisha akatoa simu akatoka nje, na wakamsikia akimwambia Nzomo kwamba Jumatatu ana kazi, na Jumatatu nyingine vilevile.

*

Hoteli ya Abdulmalik ilianza na lita kumi kwa wiki. Sufuria za Mama Yvonne bado ni kioo, ila kila moja ina duara jeusi ubavuni. Wamama wa kanisa walipokuja safari nyingine na kuuliza kwa upole kama waya umekwisha, Ndila akawaambia hapo ndipo sufuria inaposemea. Syombua alikuwa amekaa nao, kwenye kiti, akinywa chai. Hakuwa na kazi shambani siku hiyo.

Wageni walipoondoka alimwita Ndila, akafunua kilemba, akatoa paji la uso. Akasema haya basi, ipige, na yeye ajue.

Ndila akasimama karibu, urefu wa kiganja, akabonyeza. Thelathini na tatu.

"Niko baridi hivyo?"

Ndila akautazama ule uso uliopakwa mafuta kwa ajili ya wageni, unang'aa kwa jua la alasiri. Akapangusa masizi kidogo kwenye duara la sufuria, akalipaka paji la uso la mama mkwe kwa kidole, taratibu, mpaka mahali pale pakawa peusi. Akapima tena. Namba ilikuwa ileile.

"Sasa?" Syombua akauliza.

"Sabini na mbili. Huna baridi hata kidogo, mwaitu," Ndila akasema, akaficha bunduki nyuma ya mgongo.